Kamera Ndogo ya Kwenda Nayo Ziwani

Siku za Jumapili ufuko wa Bujumbura haukosi watu. Kuanzia Kajaga hadi Kibenga utawakuta akina baba na watoto wao wameketi na ndoana, na jioni inapoingia utawaona vijana wakiomba nafasi katika mashua za wavuvi wa ndagala, wapate kuushuhudia uvuvi wa taa kwa macho yao. Karibu kila mmoja hutaka kurudi nyumbani na picha: ya mtoto na samaki wake wa kwanza, ya mukeke aliyetoka majini sasa hivi, ya mstari wa taa juu ya maji meusi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo ukurasa huu hauna budi kulijibu, maana fedha inayotakiwa ni fedha ya nyumba nzima: inunuliwe kamera gani, iliyo ndogo, isiyoingia maji, na isiyomaliza akiba ya mwaka?

Wauzaji wana jibu jepesi. Hukuonyesha namba iliyoandikwa juu ya sanduku: mita 10, mita 15, mita 20. Mnunuzi huona kwamba 20 ni kubwa kuliko 10, akatoa fedha zaidi. Maoni yetu ni kwamba kwa mvuvi namba hiyo ndiyo ya kuangaliwa mwisho. Mvuvi si mpiga mbizi. Kamera yake hunyeshewa mvua, hurushiwa maji na kasia, hushikwa kwa mikono yenye utelezi wa samaki, na pengine huanguka katika maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi. Kwa mambo yote hayo kamera ya mita 10 inatosha na kuzidi.

Ajali inayobaki ni moja, nayo ni kamera kuponyoka mkononi na kuzama. Hapo hakuna namba ya kuiokoa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake penye kina kirefu kabisa, likiwa la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Huku kaskazini kwetu kina hakifikii kiasi hicho, lakini mashua ikishauacha ufuko, kilichozama kimekwenda. Kamera iliyogharimu mishahara ya miezi mitatu hulala chini huko pamoja na picha zake, na haijalishi sanduku lake liliandikwa mita 10 au mita 30.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fedha yako yafaa uielekeze kwenye mambo mengine: uzima wa kifuniko, uwezo wa kamera kuona usiku, na boya la kuizuia isizame.

Maana ya namba

Kwenye simu na kamera nyingi utakuta herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vumbi, na ya pili inahusu maji. Kipimo hiki ni cha kimataifa. Tarakimu ya maji ikiwa 7, maana yake chombo kilizamishwa katika maji ya mita 1 kwa muda wa dakika 30 nacho hakikudhurika. Ikiwa 8, chombo kimepita hapo, kwa kina na kwa muda aliouchagua mtengenezaji mwenyewe. Yapasa basi kusoma maandishi madogo ujue alichagua kina gani. Pakiandikwa X mahali pa tarakimu ya kwanza, fahamu kwamba hapakutajwa kipimo chochote cha vumbi, na kwa mtu anayekwenda kukaa mchangani siku nzima jambo hilo si dogo.

Vipimo hivi hufanywa kwa maji safi yaliyotulia na kwa chombo kipya. Ziwa letu halitulii daima. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji kuja huku kwetu. Wimbi likiipiga kamera, au kamera ikiangukia maji kutoka juu, mgandamizo wa ghafla huzidi ule wa kina kilekile maji yakiwa kimya. Hii ndiyo sababu ya kutaka kamera ya mita 10 kwa kazi ya nusu mita. Zaidi ya hapo unalipia namba.

Mpira mwembamba kama uzi

Maji hayapenyi chuma wala kioo. Huingia kwa mlango mdogo wa betri na kadi, na kinachoyazuia pale ni mpira mwembamba unaouzunguka mlango huo, ambao mafundi huuita oringi. Kamera nzima, iwe ya dola 100 au ya dola 600, imetegemea mpira huo. Chembe moja ya mchanga, unywele mmoja, au gamba moja la ndagala likilala juu ya oringi, mlango utafungika, utasikia mlio wake wa kawaida, na maji yatapita vilevile.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza kamera zao, na wengi hudhani wameuziwa kamera mbovu. Mtu amekaa ufukweni, betri imekwisha, anafungua mlango kwa vidole vyenye mchanga, anaweka betri nyingine, anafunga, kisha anaitumbukiza kamera majini kumpiga picha samaki. Baada ya robo saa kioo kinafunikwa na ukungu kwa ndani. Kamera haikuwa na kosa.

Sharti ni kwamba mlango ufunguliwe nyumbani, mezani, kwa mikono mikavu iliyonawa. Betri ijazwe kabla ya kuondoka na kadi iwe tupu, ili pasiwe na haja ya kufungua mpaka kurudi. Ikitokea dharura huko ziwani, itafutwe taulo safi iliyokuwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mikono ifutwe na kamera ifutwe, na mwenye kufungua aupe upepo mgongo. Katika mtumbwi wa kasia tungesema usifungue kabisa.

Kabla ya safari ya kwanza, jaribu kamera yako katika ndoo. Ondoa kadi na betri kama zinatoka, weka ndani karatasi laini kavu, funga mlango vizuri, kisha izamishe kamera kwa nusu saa huku ukiigeuza polepole. Viputo vikipanda kutoka ukingoni mwa mlango, au karatasi ikitoka na unyevu, irudishe dukani siku hiyohiyo. Muuzaji akikukatalia jaribio hili kwa kamera anayodai haipitishi maji, utakuwa umejua la kujua.

Kwa kamera iliyokwisha kutumika hadhari iongezwe. Mpira huzeeka hata kama kamera ilikaa kabatini. Hukauka, hupasuka nyufa ndogo, hulala bapa. Watengenezaji kadhaa hushauri oringi zibadilishwe mara moja kila mwaka. Muulize muuzaji lini zilibadilishwa. Akikutazama kwa mshangao, hesabu kwamba unanunua kamera ya nchi kavu, uilipie bei ya kamera ya nchi kavu.

Katika jambo moja sisi wa Tanganyika tumebahatika kuliko ndugu zetu wa Mombasa na Unguja. Chumvi ya bahari hula skrubu, chemchemi za vitufe na vyuma vya betri, na kamera isiyooshwa baada ya bahari haikai. Maji yetu ni matamu. Hata hivyo yana magadi kidogo, na yakikauka juu ya lenzi huacha madoa meupe ambayo mtu akiyasugua kwa nguo kavu hukwaruza kioo. Ukirudi, iweke kamera ikiwa imefungwa katika beseni la maji safi ya bomba kwa dakika kumi, bonyeza vitufe vyake vyote ndani ya maji ili mchanga utoke, kisha ipanguse na kuiacha kivulini ikauke. Mlango ufunguliwe baadaye, ukiwa umeelekezwa chini, ili tone lililojificha kwenye mfereji wake lisidondokee ndani. Usiiweke juani. Joto la jua kali hufanya kwa mpira wa oringi yale yanayofanywa na miaka.

Usiku usio na mwezi

Uvuvi wa ndagala hufanyika usiku, tena usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu nuru yake hutanda juu ya ziwa lote, samaki hawakusanyiki tena chini ya taa, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mgeni anayekwenda nao huenda katika giza kuu kuliko lote la mwezi mzima. Nuru pekee ni ile ya taa: zamani karabai za mafuta, na siku hizi mara nyingi taa za betri zinazojazwa kwa umeme au kwa jua.

Hapa kamera hutofautiana kweli. Mbele ya lenzi, au katika karatasi ya maelezo, tafuta herufi f ikifuatwa na namba. Namba hii ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga ni kubwa. Kamera ya OM System TG-7, iliyotolewa mwaka 2023, ina f/2.0. Ricoh WG-80, iliyotolewa mwaka 2022, ina f/3.5. Tofauti huonekana ndogo kwa kuitazama, lakini ukipiga hesabu tundu la kwanza hupitisha mwanga unaokaribia mara tatu ya ule wa la pili. Katika mashua inayoyumba, tofauti hiyo ndiyo inayotenga picha ya mvuvi anayevuta wavu na picha ya kivuli kilichotawanyika.

Kwa upande mwingine WG-80 imezungushiwa lenzi yake taa sita ndogo, kwa ajili ya vitu vya karibu sana. Mtu anayetaka kumpiga picha samaki mmoja mkononi, magamba yake na mapezi yake, atazipenda taa hizo.

Flashi ya kawaida tunaishauri kwa shingo upande. Nguvu yake katika kamera ndogo hufika mita chache tu. Mvua na matone yanayorushwa na wimbi huimeta mbele ya lenzi kama theluji. Na mvuvi aliyemulikwa machoni wakati wa kuvuta wavu hubaki kwa nukta kadhaa haoni kamba iliyo miguuni pake. Mwombe kwanza mwenye mashua ruhusa. Akikataa, ana sababu. Bora uegemeze viwiko juu ya magoti, uzuie pumzi, upige picha tatu au nne mfululizo ili moja itoke. Usivute kwa zumu usiku, maana tundu la lenzi hupungua kadiri unavyovuta. Na ukiona picha zako zimechorwa mistari ya giza iliyokatiza kutoka upande hadi upande, kamera haijaharibika: baadhi ya taa hizi za kisasa huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni. Chagua mwendo wa polepole zaidi, mistari itapungua.

Wingi wa megapikseli usikubabaishe. Picha ya kuchapishwa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 huhitaji zipatazo milioni 2. Kamera za aina hii zina milioni 12 au 16, nazo TG-7, ambayo ni ghali kuliko nyingi, ndiyo yenye 12.

Ielee

Mwaka 1980 kampuni ya Minolta ya Japani ilitoa kamera ya rangi ya manjano iliyoitwa Weathermatic A. Ilitumia filamu ndogo, ilishuka mita 5 tu, na picha zake hazikuwa za kusifiwa. Lakini ilipoanguka majini ilielea. Kwa akili ya mvuvi ile ilikuwa kamera iliyofikiriwa. Nyingi za leo, ambazo hushuka mara tatu ya kina hicho, huzama kama jiwe.

Dawa yake ni boya la mkononi, yaani mkanda mnene wa sponji wa rangi ya chungwa au ya manjano unaofungwa kwenye kamera. Huuzwa kwa bei ndogo, na aghalabu huandikwa uzito unaoweza kuubeba. Linganisha uzito huo na wa kamera yako. TG-7 kwa mfano ina gramu zipatazo 250 pamoja na betri. Usiyaamini maandishi peke yake. Jaza beseni, funga boya, tumbukiza kamera, ondoka, urudi baada ya saa moja. Ukiikuta juu, vema.

Asiyepata boya la dukani na atazame wavuvi wanavyofanya. Boya la wavu, au kipande cha ndala kuukuu kilichokatwa na kutobolewa, huibeba kamera ndogo bila shida, mradi vipande viwe vya kutosha na rangi ionekane kwa mbali. Usiku bandika juu yake kipande cha utepe unaong'aa taa inapoumulika.

Kamba ya kamera ifungwe kwenye kiganja cha mkono. Isivikwe shingoni. Wavu ukivutwa kwa mikono ya watu wanne, kamba iliyo shingoni mwa mgeni inaweza kunaswa, na wavu hausimami ghafla.

Zilizoko madukani, na mfuko wa mnunuzi

TG-7 ilipotoka ilitajwa kwa bei ya dola 550 huko Marekani. Hiyo ni fedha nyingi kwa mtu anayekwenda ziwani mara nne kwa mwaka, na hatungemshauri. Kamera ya Kodak PIXPRO WPZ2 hushuka mita 15, huhimili kuanguka kutoka mita 2, ina megapikseli 16, na bei yake kwa kawaida haifiki nusu ya hiyo. Usiku ni dhaifu. Mchana, ufukweni, kwa picha ya mtoto na kuhe wake, hutadai zaidi. Baba anayetaka kamera ya Jumapili na anunue ya aina hii. Mwenye nia ya kwenda na wavuvi usiku mara kwa mara, au anayetaka picha za kuuza, huyo na aweke akiba hadi afikie ile ya f/2.0, maana akinunua ya bei ndogo atanunua mara mbili.

Kamera za kuvaa kichwani au kifuani, kama GoPro, zina faida moja kubwa: huacha mikono yote miwili huru, na katika chombo kidogo mikono huru ni usalama. Nyingi huingia majini mita 10 bila kifuko cha ziada. Lakini lenzi yake ni pana mno, samaki aliye mita mbili mbele huonekana mdogo kama ndagala, na gizani picha huchafuka. Wapenda video watazipenda. Kwa picha ya kuweka ukutani, hapana.

Wapo pia wanaoulizia kamera za filamu za kutumia mara moja na kutupa, zilizofungwa ndani ya kifuko cha plastiki kisichopitisha maji. Ni rahisi na ni imara. Kabla ya kuinunua, mtafute kwanza mtu wa kukusafishia filamu hapa mjini na umuulize bei. Jumlisha bei hiyo na ya kamera, kisha gawanya kwa picha 27.

Sasa tufike kwa simu, ambayo karibu kila nyumba inayo. Simu nyingi za bei ya juu zimepimwa kwa maji, na vifuko vya plastiki vya kuzitia huuzwa kwa fedha kidogo sana. Mbona basi mtu anunue kamera? Jibu liko ndani ya simu yenyewe. Simu ya mkazi wa Bujumbura ni mkoba wake. Humo mna Lumicash au EcoCash, mna namba za wateja, mna ada ya shule iliyokwisha kutumwa na ambayo haijatumwa. Anayeipeleka mtumbwini hupeleka sanduku la fedha la nyumba, na ikizama haizami picha peke yake.

Lakini katika nyumba nyingi mna simu ya zamani droo, yenye kioo kilichopasuka pembeni, ambayo kamera yake bado ni nzima. Ondoa laini yake. Ijaze moto, itie ndani ya kifuko kisichopitisha maji, acha hewa kidogo humo ili kielee, na uifunge kamba. Kifuko kijaribiwe kwanza kikiwa kitupu, na karatasi kavu ndani, usiku mzima katika ndoo. Kwa kuwa kioo cha simu hakisikii vidole vizuri kupitia plastiki yenye maji, jifunze kupiga picha kwa kitufe cha sauti kilicho ubavuni. Kwa familia isiyo na akiba, hii ndiyo kamera tunayoipendekeza kabla ya nyingine zote, na gharama yake ni ya kifuko.

Bei za kamera zinazoagizwa kutoka nje hubadilika pamoja na bei ya dola, hivyo hatutaji faranga. Linganisha maduka matatu, na katika kila duka uliza pia bei ya betri ya pili. Umeme wetu hukatika. Betri ya akiba iliyojaa, ikiwa imefungwa nyumbani katika mfuko mkavu, huokoa safari. Kamera inayojazwa kwa waya uleule wa simu ina faida, kwani pawabanki moja itatosha kwa vyote viwili. Usiichomeke ikiwa ingali na maji mlangoni.

Kutazama chini ya maji

Kamera ya kwanza ya kubebwa chini ya maji bila sanduku la kuifunika iliyouzwa kwa wingi, Calypso, ilibuniwa na Mbelgiji Jean de Wouters kwa ajili ya Mfaransa Jacques Cousteau, ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 kampuni ya Nikon ikaichukua na kuiita Nikonos, nayo iliendelea kutengenezwa katika namna zake mbalimbali hadi mwaka 2001. Ziwa letu nalo limewahi kuwa na watazamaji wa chini yake. Mbelgiji mwingine, Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi, alizama mara nyingi katika fuko za mawe na kutoa vitabu viwili vikubwa kuhusu samaki wa Tanganyika, mwaka 1978 na mwaka 1989.

Mwenye kutaka kuiga asianzie mjini. Karibu na Bujumbura maji huchafuliwa na udongo wa Rusizi na Ntahangwa pamoja na mifereji ya mji, na picha hutoka kama chai ya maziwa. Teremka kusini, kule ambako milima hushuka na mawe yake hadi majini, upande wa Magara na kuendelea. Huko maji ni maangavu, na samaki wadogo wa mawe, wenye mistari na madoa ya kila rangi, huonekana hata katika kina cha kiuno.

Kwenye mlango wa Rusizi usitie mkono majini kwa ajili ya picha yoyote. Pale ndipo lilipovuma jina la Gustave, yule mamba mkubwa aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye, na ambaye filamu ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi mtego wa chuma ulivyoshindwa kumnasa. Hata asingekuwapo Gustave, wapo mamba wengine, na viboko hutoka majini jioni kuja kula majani hadi karibu na nyumba. Kiboko hapigwi picha kutoka karibu, wala mtu hasimami kati yake na maji.

Upande huu wa ziwa pia ni wa mpaka. Bandari, askari na vyombo vyao visipigwe picha. Na wavuvi waombwe kwanza, hata kama taa zao zinakuvutia namna gani. Na iwapo nyumbani hakuna koti la kujiokolea linalomtosha kila anayepanda mtumbwi, fedha ya kamera ianzie hapo, kamera isubiri.

Picha zihamishwe usiku uleule wa kurudi, kadi ifutwe, betri itolewe. Kisha chagua moja iliyo nzuri kuliko zote, iliyowaonyesha wavuvi na taa yao, uipeleke studio ikachapishwe kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, nakala mbili. Moja ni ya ukutani kwako. Ya pili mpelekee mwenye mashua kabla ya giza lijalo la mwezi, ikiwa ndani ya plastiki, maana ataiweka palepale kazini kwake.